GTA V au Red Dead Redemption 2 kwa PS4 ya GB 500? Jibu kwa mdau wa Buzuruga

Mkuu, umeuliza uchukue diski ipi ya gemu kati ya GTA V na Red Dead Redemption 2. Una PS4 ya kawaida ya GB 500, intaneti ni bando la simu, umeme hautabiriki, na mdogo wako naye anaitaka pedi. Waliotangulia kukujibu wamebishana kuhusu grafiki. Hapo hakuna ubishi, Red Dead imeshinda: ni ya 2018, wakati GTA V ni ya 2013 iliyoletwa PS4 mwaka 2014. Cha kukuamulia ni muda unaoweza kukaa mbele ya TV bila kuinuka.

GTA V inamvumilia mchezaji wa nusu saa. Misheni nyingi ni fupi. Ukimaliza moja unatoa simu ya mhusika, unasevu, unazima. Red Dead haina haraka hiyo. Sura ya kwanza, ile ya kwenye theluji, inakushika mkono kwa saa mbili hivi kabla hujaachiwa ramani, na misheni nyingi zinaanza kwa safari ndefu ya farasi huku watu wakipiga soga. Sasa weka umeme wetu hapo. Gemu zote mbili hazisevu katikati ya misheni, kwa hiyo ukikatika unarudi mwanzo wa misheni. GTA umepoteza dakika chache. Red Dead unapanda farasi upya na kusikiliza soga zile zile.

Kuhusu mdogo wako: hakuna hata moja inayochezwa na pedi mbili kwenye TV moja. Mtapokezana. Na kupokezana kunafaa GTA, kwa sababu mtu akifa pedi inahama bila ugomvi. Kucheza mtandaoni kwa PS4 kunadai PS Plus (usajili wa kulipia wa Sony) na apdeti nzito, kwa bando la simu sahau.

Kama una jioni ndefu na chumba chako mwenyewe, chukua Red Dead bila kujiuliza. Ila ijue tabia yake. Kitufe cha L2 cha pedi ukiwa mikono mitupu ni ya kumlenga mtu umsalimie; ukiwa na bastola mkononi, L2 hiyo hiyo inamwelekezea mtutu. Ndiyo maana wageni wanaingia dukani kwenye mji wa Valentine kununua maharage ya kopo wanaishia kukimbizwa na sherifu. Gusa L1 kurudisha silaha kiunoni kabla ya kuingia mjini. Deni la kichwa chako (zawadi ya atakayekukamata) likishawekwa, lipa posta kwenye stesheni ya treni, usilibebe.

Uwindaji nao una kanuni. Mlenge mnyama kwa L2 kwanza usome nyota zake. Ngozi kamilifu inatoka kwa mnyama wa nyota tatu tu, na silaha isiyomfaa inashusha nyota. Sungura ni mshale mdogo wa wanyama wadogo au bunduki ndogo ya varmint, kulungu ni upinde au raifo, kichwani, mara moja. Shotigani kwa sungura inakuachia mabaki. Mzoga ukiubeba muda mrefu unaoza, kwa hiyo chuna mapema. Farasi mpe chakula na mpige brashi, na uwe na dawa ya kumwinua akianguka, maana akifa amekufa, na ule uhusiano uliojenga hadi ngazi ya nne unaanza sifuri. Uvuvi unafunguka sura ya pili ukipewa fimbo; samaki akipigana usivute uzi, subiri achoke. (Sangara hamna, wana Kirumba wa Mwanza msijipe moyo.)

GTA V yenyewe nitasema jambo moja ambalo wengi wanaliharibu: hisa. Misheni za mauaji anazokupa mhusika Lester ni tano. Ya hotelini ni ya lazima. Nne zilizobaki ziache mpaka umalize hadithi na wahusika wote watatu unaowachezesha (Michael, Trevor na Franklin) wawe na mamilioni. Kabla ya ile ya walengwa wengi, nunua hisa za kampuni ya Debonaire kwa pesa zote, kwa wote watatu. Fanya misheni; hisa zikipanda karibu asilimia 80, uza, ununue za Redwood, mshindani wake aliyekwisha kuporomoka, kisha lala. Kitanda cha Trevor kinasogeza saa 12, cha Michael 6 tu, hivyo mtumie Trevor. Redwood hufika faida ya karibu asilimia 300. Hizo mbili ziko soko la LCN, linalofanya kazi bila intaneti. Soko la BAWSAQ linadai mtandao, kwa hiyo misheni ya hisa za Fruit na Facade uifanye siku una bando.

Nafasi: Red Dead inakula takriban GB 100, na GTA ikishapata apdeti zote inasogea huko huko. PS4 inanakili faili upya wakati wa apdeti, hivyo acha nafasi tupu zaidi ya ukubwa wa apdeti. Hadithi zote mbili zinachezeka bila apdeti.

Umeme ukishakatika na PS4 ikaanza kugoma, usikimbilie kufomati. Izime, bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia hadi mlio wa pili, unganisha pedi kwa waya, na kwenye menyu itakayotokea chagua namba 5, Rebuild Database (PS4 inapanga upya orodha ya vilivyomo). Gemu na sevu zinabaki. Namba 6 na 7 zinafuta kila kitu.

Ukinunua Red Dead iliyotumika pale mjini, hesabu diski: ni mbili, Data na Play. Data inapakia, Play ndiyo inabaki ndani unapocheza. Ya Play peke yake haitakupakilia gemu, na ya Data peke yake haitakuchezesha. Muuzaji akikwambia moja inatosha, mrudishie kasha lake.