Kopo la inhela lililolipuka motoni

Nina pumu tangu utotoni, na kwa miaka mingi nilikuwa na tabia moja ninayoona haya kuisimulia: inhela, kile kifaa cha kuvutia dawa ya pumu, ikiisha naitupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, taka zikijaa naziwasha moto. Siku moja kopo likalipuka. Paa! Kipande cha alumini kikanipita karibu na goti. Nikakimbilia ndani, kifua kimeshajaa moshi wa plastiki, na kitu cha kwanza nilichotafuta mezani kilikuwa inhela nyingine.

Mimi nilicheka baadaye. Muuguzi niliyemsimulia hakucheka. Aliuliza tu, "Kwa mwaka unamaliza makopo mangapi?" Sikujua. Basi anzia hapo nawe: kila ukifungua kopo jipya, liandikie tarehe ubavuni. Kopo la kawaida la salbutamol, dawa ya kufungua kifua papo hapo, hutoa mipulizo 200. Ukimaliza matatu au zaidi kwa mwaka, pumu yako haijadhibitiwa, hata kama umeshaizoea. Mimi nilikuwa namaliza moja karibu kila mwezi.

Kinachosukuma dawa itoke ni gesi. Zamani ilikuwa CFC, ambayo ilianza kuondolewa kufuatia Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa 1987, kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Zilizochukua nafasi yake haziharibu ozoni, ila zinanasa joto: mojawapo, HFC-134a, kilo kwa kilo, hunasa joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksidi katika miaka 100. Na dunia ikizidi joto, moto wa misitu na chavua huongezeka, nasi wenye pumu ndio wa kwanza kukohoa.

Sijasema uache inhela. Pumzi ikibana, vuta dawa, habari za gesi ziache kabisa. Ninachosema ni kwamba mingi ya ile mipulizo yangu haikuwa na sababu ya kuwepo. Kwanza, nilikuwa nimeitelekeza inhela ya kinga, ile ya steroidi ya kila siku, kwa sababu sikuona ikinipa nafuu papo hapo. Haikuundwa kwa ajili hiyo. Inatuliza uvimbe wa njia za hewa polepole. Pili, nilikuwa nabonyeza kwanza ndipo navuta, dawa yote inaishia ulimini. Tikisa kopo, toa pumzi yote, anza kuvuta polepole, bonyeza ukiwa bado unavuta, kisha bana pumzi uhesabu hadi kumi. Ukishindwa kuoanisha, omba spesa, kile chombo cha plastiki kinachochomekwa mbele ya inhela. Mtu mzima kutumia spesa si aibu.

Zipo pia inhela za unga, zisizo na gesi. Zinahitaji uvute kwa nguvu, kwa hiyo haziwafai watoto wadogo, na usibadilishe bila daktari kukuona unavyovuta.

Shimo nimelifukia. Makopo matupu nayarudisha duka la dawa. Duka la kwanza walinikatalia, la pili wakapokea. Kopo lililo mfukoni sasa lina tarehe ya miezi saba iliyopita. Jirani bado anachoma taka zake. Tumeshazungumza mara mbili, na akiwasha, nafunga madirisha ya upande ule.