Mlio Uko Nyuma ya Masega

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari la spoti, silinda nne na turbo. Linakimbia vizuri lakini mlio wake ni wa cherehani. Nataka lingurume. Fundi mmoja ameniambia atatoa masega, kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosti, aweke bomba tupu, kisha sensa ya pili ya oksijeni aifunge kipande cha kuisogeza mbali na moshi ili taa ya injini isiwake. Gari langu hupimwa moshi kila mwaka. Nitapita?

JIBU: Marahaba. Hutapita, na nakusihi usikubali. Kile kipande kinaihadaa kompyuta ya gari peke yake. Mashine inayoingizwa kwenye tundu la ekzosti inanusa moshi wenyewe.

Siku ukipata masega yaliyokatwa, yamulike kwa tochi. Utaona mwanga ukipenya kwenye vitundu vidogo kabisa, kwa kawaida kama 400 katika kila inchi moja ya mraba, kuta zake zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, kaboni monoksidi inageuka kaboni dioksidi, petroli ambayo haikuungua inamaliziwa, na oksidi za nitrojeni zinarudi kuwa nitrojeni. Hakuna kifaa kingine kwenye gari lako kinachoweza kuziba pengo hilo, na anayesimama nyuma yako kwenye foleni ndiye atakayeivuta ile sumu.

Unachokitafuta wewe kiko nyuma. Acha kila kitu kuanzia injini mpaka masega kama kilivyo, sensa zote mbili zikiwa mahali pake. Badilisha kuanzia flenji, yaani kiungo cha bolti, iliyo nyuma ya masega: bomba pana kidogo na sailensa ya mwisho isiyobana moshi. Sailensa ya kati mimi huiacha. Ukiitoa, mwendo wa safari ndefu utakupa mvumo ndani ya gari hadi kichwa kiume. Pia uliza kiwango cha kelele kinachoruhusiwa, maana hicho ni kipimo kingine kabisa.

Sasa ufungaji, hapo ndipo wengi wanaponaswa. Mteja aliniletea gari lililofeli kipimo, ekzosti mpya inang'aa na masega mazima. Niliingia chini yake asubuhi injini ikiwa ya baridi, nikamwambia aliwashe. Mbele ya sensa, pembeni mwa gasketi, palikuwa na mstari mweusi wa masizi. Nikasogeza kipande cha karatasi laini, kikatetemeka. Pale penye ufa hewa ya nje ilikuwa ikinyonywa, sensa inasoma oksijeni nyingi, kompyuta inadhani petroli ni kidogo na kuiongeza. Nilibadilisha gasketi tu, gari likapita. Kwa hiyo kila kiungo kilichoguswa kikaguliwe hivyo kabla hujalipa.

Siku ya kipimo fika na gari la moto, umeliendesha kama nusu saa. Masega yakiwa chini ya nyuzi 250 hivi bado yamelala. Betri usiichomoe siku za karibu na kipimo, maana kompyuta hupoteza majaribio yake ya ndani, na wakichomeka kifaa cha kuisoma wanaweza kukurudisha.

Sailensa ya zamani usiitupe. Ifunge kwenye gunia uiweke stoo. Mlio ukikuchosha, kuirudisha ni kazi ya bolti chache.