Kijarida cha karatasi moja, bila stepla

Umeuliza kama unaweza kutengeneza kijarida bila stepla, na kwa nini nusu ya kurasa zako zimetoka kichwa chini. Stepla huihitaji kabisa. Chukua A4 moja, ikunje mara tatu, kila mara nusu kwa nusu, upate vyumba 8. Fungua, kisha ikunje katikati ncha fupi zikutane. Kata kwa mkasi kuanzia upande wa mkunjo, ukifuata mstari wa kati, na uishie kwenye mkunjo unaofuata. Hapo hapo! Mimi mara ya kwanza nilipitiliza nikabaki na vipande viwili vya karatasi na hasira. Sasa ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili zikaribiane mpaka mpasuo ufunguke kama mdomo, kisha laza kurasa upande mmoja.

Kuhusu kurasa kupinduka: safu moja lazima iwe kichwa chini, ndivyo inavyokunjika. Tengeneza kwanza cha majaribio, andika namba za kurasa kwa penseli, kifungue uone kila namba imekaa wapi na inatazama wapi.

Nakala mama usiikate, maana mpasuo utatokea kama mstari kwenye kila fotokopi. Chora kwa kalamu nyeusi na uache kama milimita 5 pembeni, mashine hula kingo. Upande wa nyuma hubaki mtupu. Mimi huweka bango pale, msomaji akikikunjua analikuta.