Utafiti kwenye chuo kidogo: upo, tena mapema

Dada, umeuliza kama mdogo wako atafanya utafiti wa kweli kwenye chuo kidogo cha Marekani kisicho na wanafunzi wa uzamivu. Atafanya, tena mapema, maana profesa wa huko hutegemea hao hao wa shahada ya kwanza.

Chukua chuo cha Reed, mjini Portland. Wana kinu cha nyuklia cha utafiti, kilowati 250, tangu 1968, na waendeshaji wengi ni wanafunzi wenye leseni ya serikali. Hata wa fasihi wanaruhusiwa kusomea leseni hiyo. Kwa mfano, kigae cha chungu cha kale kikipigwa nyutroni (chembe za ndani ya atomu) humo, hutoa miale ya gama inayoonyesha kimebeba elementi zipi. Na kila mwanafunzi, awe wa dansi au wa kemia, huandika tasnifu mwaka mzima wa mwisho, kisha huitetea kwa mdomo.

Kwenye tasnifu, wengi hukwama kwa kuchagua mada pana. "Uhamiaji" haiandikiki, barua za familia moja za miaka 10 zinaandikika vizuri sana. Pia mdogo wako aulize mwaka mmoja kabla kama profesa anayemtaka atakuwa likizo ya utafiti. Idara ikiwa na walimu wanne, mmoja akiondoka, fani yake nzima imeondoka naye.