Baritoni la inchi 30: mkono ulinilia wiki mbili, kumbe kesi ilikuwa freti tatu tu

Kuna dogo mmoja mpiga solo kaniuliza juzi, "bro hilo libaritoni lako refu linapigika kweli au ni la kutundika ukutani?" Baritoni ni gitaa la shingo ndefu linalotyuniwa chini kuliko la kawaida. Nikaanza kumjibu kwenye simu, meseji ikawa ndefu kuliko shingo ya gitaa lenyewe, nikaona bora niandike huku na wengine wafaidike.

Tuelewane kwanza kwenye skeli. Nikisema skeli hapa sio do re mi, ni ule urefu wa uzi unaolia, kuanzia nati (ile ya kichwani mwa gitaa, sio ya spana) mpaka kwenye briji (kule mwisho, nyuzi zinakokalia bodi). Gitaa za kawaida za kampuni ya Fender ni inchi 25 na nusu, yaani milimita 648, Gibson nyingi zinacheza kwenye 24.75. Baritoni nyingi zinaanzia inchi 27 hivi halafu kuna hizi ndefu zenyewe za 29.75 mpaka 30, mfano Gretsch Jet Baritone ni 29.75. Sasa inchi 30 ndio urefu uleule wa Fender Bass VI ya mwaka 1961, na besi fupi nyingi ziko hapohapo. Kwa hiyo unaposhika hili dude ujue umeshika shingo ya besi iliyofungwa nyuzi za gitaa, na kama ungeniambia hivyo siku ya kwanza ningeokoa maumivu mengi sana.

Langu nililinunua kwa mtu, la mtumba, nikalijaribu nimekaa kwenye kochi lake dakika kumi, nikapiga piga huku katikati ya shingo, tamu! Nikalipa. Kufika nyumbani nikasema ngoja nipige F ya chini, ile ya kufunga freti ya kwanza yote kwa kidole kimoja (freti ni vile vyumba vya shingo vilivyogawanywa na vyuma), hapo ndio nikajua sijui. Kidole kidogo hakifiki, kiganja kimejikunja, na mimi mtu wa kiburi nikasema ni mazoezi tu nitazoea. Wiki mbili nalazimisha, mwisho kifundo cha mkono wa kushoto kikawa kinauma hata nikifungua chupa ya maji. Ushauri wangu wa kwanza kwa hiyo: ukisikia maumivu ya kifundo usijipe moyo, weka chini, maana hapo hujengi nguvu unajiumiza tu.

Aliyenitoa ni mzee wetu mpiga besi kwenye bendi. Kanitazama mazoezini, kacheka, "Mwanangu, mbona unatanua vidole kama unapima shamba?" Nikamwambia mzee shikamoo kwanza, halafu nisaidie. Akanionyesha kitu ambacho watu wa besi wanakijua siku zote: huku chini usitumie kidole kimoja kwa kila freti. Tumia cha shahada, cha kati, na kidogo, kile cha pete kinamsaidia kidogo kukandamiza, hivyo mkono unafunika freti tatu tu sio nne, ukitaka ya nne unahamisha mkono mzima. Unahamisha, hutanui. Na dole gumba nyuma ya shingo liwe jepesi, liteleze pamoja na mkono, usilifanye nanga. Siku tatu nilikuwa najiona mjinga, ya nne mkono umeelewa.

Halafu nikachukua rula, mimi ndio zangu. Freti ya kwanza kwenye 25 na nusu ina upana wa milimita 36 hivi, kwenye 30 ni karibu 43. Kutoka nati mpaka freti ya nne kule ni sentimita 13.4, huku 15.7. Zaidi ya sentimita mbili, na kiganja changu ni kilekile nilichozaliwa nacho. Lakini sikia hii sasa: kutoka freti ya tatu mpaka briji kwenye gitaa la inchi 30 zinabaki milimita 641. Yaani fupi kuliko Fender nzima! Maana yake ukishavuka freti ya tatu umeshika gitaa la kawaida kabisa, lile lile ulilozoea, na ndio maana pale kwenye kochi la watu nilidanganyika. Na la inchi 27 ni gitaa la kawaida lililoongezewa freti moja tu mbele. Ukiweka kapo (kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni) freti ya kwanza imerudi 648 karibu vilevile. Kwa hiyo mtu anayeogopa baritoni za 27 anaogopa freti moja bwana, achukue tu.

Na zile kodi nzito (noti kadhaa zinazolia pamoja) za freti ya kwanza na ya pili ambazo mkono unazikataa, sikio nalo linazikataa. Mimi natyuni B E A D F# B, chini ya kawaida kwa nne kamili, yaani freti tano. Ukipiga kodi ya nyuzi sita huko chini na ngoma zipo na besi ipo, unatoka uji, fundi mitambo atakushusha volyumu bila kukuuliza. Huko chini piga nyuzi mbili, tatu zikizidi, kodi pana zipeleke freti ya tano kwenda juu. Wale wa Nashville miaka ile walikuwa wanatumia hizi gitaa za nyuzi sita za besi kufuatisha laini ya besi ile kubwa ya kusimama, wameziba nyuzi kwa kiganja, tik tik tik, noti mojamoja, jaribu hiyo uone inavyokaa.

Nyuzi sasa, hapa ndio wengi wanaharibu. Mtu anasikia baritoni anakimbilia nyuzi nene kabisa, 14 mpaka 68 (huo ni unene wa nyuzi kwa elfu za inchi). Kwenye inchi 27 sawa, ila urefu wenyewe unaongeza mvuto, uzi uleule noti ileile ukiutoa 25 na nusu ukaupeleka 30 mvuto unapanda karibu asilimia 38. Uzi wa 14 ukiutyuni B kwenye inchi 30 unabeba kama kilo 11, wakati ule wa 10 kwenye gitaa la kawaida unabeba kilo 7 na kidogo, halafu unashangaa kwa nini kubendi (kuuvuta uzi pembeni noti ipande) hakuwezekani na vidole vinachanika. Kwa kuwa huku kwetu seti za baritoni ni za kuagiza, mimi nanunua seti ya gitaa la nyuzi saba, 10 mpaka 62, ule mwembamba kabisa naweka pembeni, zinazobaki sita nazifunga. Ule wa 13 juu bado ulikuwa mgumu kwangu nikabadilisha nikaweka 12, raha. Angalizo moja: pima kabla hujakata! Baadhi ya seti ni fupi, hasa kama gitaa lako nyuzi zinapita nyuma ya bodi, utafika kwenye ufunguo uzi umeisha. Na ukibadilisha unene mpelekee fundi aangalie mifereji ya nati na ile fimbo ya ndani ya shingo.

Kitu kingine kitakachokuaibisha ni ki, ile noti ya nyumbani ya wimbo. Kanisani mpiga kinanda kaita G, nami kwa mazoea nikashika umbo la G, ikatoka D, kwaya yote ikageuka kuniangalia. Umbo la C ndio G yako, la G ni D, la D ni A. Ukishindwa kapo freti ya tano inakurudisha kwenye E ya kawaida, ila hapo zinabaki inchi 22 na nusu, freti zimebanana kama gitaa la mtoto, na kwa kweli sauti ya baritoni umeshaiua.

Bega nalo. Ukilivaa chini kama wale wa roki, freti ya kwanza iko mbali utadhani unafunga dirisha la jirani. Pandisha mkanda, kichwa cha gitaa kikae usawa wa bega. Nikikaa naliweka paja la kushoto, mguu juu ya kigoda, ile ya watu wa klasiko. Mkanda uwe mpana wa ngozi la sivyo kichwa kinadondoka, na ukilishikilia kwa mkono wa kushoto ule mkono hautapiga kitu.

Begi la gitaa la kawaida haliingii, nunua la besi. Na kwenye daladala kaa siti ya nyuma kabisa.