Niliogopa ISO, nikarudi na ukungu mtupu

Jioni yangu ya kwanza Forodhani, bustani ya vyakula vya usiku kule Unguja, nilipiga picha zaidi ya mia mbili. Zilizofaa zilikuwa tatu, zote za watu waliotulia na bakuli zao za urojo. Muuza pizza ya Zanzibar, ambaye ndiye niliyemfuata hasa, mikono yake ilitoka kama moshi.

Nilikuwa nimeaminishwa kwamba ISO, yaani kiwango cha kamera kuukuza mwanga, ikivuka 400 picha inajaa chenga, vile vidoadoa vya rangi, basi nikaing'ang'ania hapo hapo. Lenzi yangu ilikuwa ile inayouzwa pamoja na kamera, f/3.5 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni pana zaidi), kwa hiyo shata, lile pazia linaloruhusu mwanga uingie, ililazimika kukaa wazi 1/8 ya sekunde. Wewe unaweza kubana pumzi. Anayetandaza donge hakusubiri.

Kesho yake nikaleta ujanja: nikapandisha kasi ya shata, picha zikatoka giza, nikazing'arisha kwenye kompyuta. Ndipo nikaziona chenga zenyewe, nyekundu na kijani, zimetapakaa kwenye vivuli vyote. Kumbe kinacholeta chenga ni uhaba wa mwanga. Kwa kamera yangu kuukuu, ISO 1600 yenye mwanga sawasawa hutoka safi kuliko ISO 400 iliyopigwa giza ikaja kuvutwa baadaye.

Nikanunua lenzi ya milimita 50, f/1.8. Piga hesabu: kutoka f/3.5 hadi f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara nne. ISO kutoka 400 hadi 1600, mara nne tena. Ile 1/8 inakuwa 1/125, na mkono wa muuza pizza unaonekana mpaka unga kwenye kucha. Fokasi naiweka nukta moja tu, kwenye jicho, maana kwa f/1.8 jicho likiwa kali masikio huenda yakapotea. Chenga chache zinazobaki naziacha. Anayezihesabu ni mpiga picha mwenzako.

Ngome Kongwe pale jirani haiendi popote, kwa hiyo hiyo naipigia kwenye stendi: ISO 100, sekunde kadhaa, na taima ya sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise kamera.

Halafu kuna ukungu usiohusiana na mpangilio wowote wa kamera. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kuingia kwenye joto la pwani, kioo cha lenzi kinatoka jasho. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa izoee. Mimi niliifuta kwa shati mara tatu, nikidhani nimeuziwa lenzi mbovu.