Manyara kwa siku moja na watoto

Dada, umeuliza kama siku moja Hifadhi ya Ziwa Manyara inatosha ukiwa na watoto wawili, na kama ni kweli simba wa huko hupanda miti. Hupanda kweli, lakini usiwaahidi watoto simba. Siku nyingine hawaonekani kabisa.

Waahidi msitu. Ukishapita lango la Mto wa Mbu tu, unaingia kwenye kivuli kizito hata wakati wa kiangazi. Mvua inayonyesha kwenye nyanda za juu za Ngorongoro huzama kwenye miamba ya volkano, kisha hutokea kama chemchemi chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Ndiyo maji yanayoistawisha mikuyu ile. Mwambie dereva azime gari chini ya mkuyu wenye matunda, mtulie dakika kumi. Mtaona vishada vimebana kwenye matawi manene, nyani wakiokota yaliyodondoka, mtoto kajishikilia mgongoni kwa mama yake. Juu kabisa kuna kima na hondohondo. Vioo vya gari vifungeni, nyani wanajua kunyakua chakula.

Ziwani, heroe (flamingo) huja na kuondoka kutegemea kina cha maji na mwani wanaokula, kwa hiyo muulize mwongozaji asubuhi hiyohiyo. Beba darubini hata ya kuazima, maana husimama mbali na ufuko. Watoto waangalie jinsi heroe anavyokula: mdomo umepinduliwa, anachuja maji ya magadi.

Ingieni mapema, lango likifunguliwa tu.